Kaa wa Mikokoni

Nilifanya kazi ya uuguzi na ukunga kwa zaidi ya miaka thelathini kule Unguja. Nimemwaga mabeseni ya damu, nimebadilisha mashuka ya wazee waliojiendea haja kitandani, nimeshika kwa mikono yangu mambo ambayo watu hawayataji mbele ya chakula. Kwa hiyo sikujua kwamba mimi ni mtu wa kinyaa mpaka mwaka juzi, niliporudi Mahajanga, mji niliozaliwa, nikaonyeshwa choo cha dada yangu.

Sisi asili yetu ni Ngazija. Babu zetu walivuka kwenda Mahajanga kutafuta kazi bandarini, wakaoa, wakajenga, wakazikana huko huko. Mwishoni mwa miaka ya sabini, baada ya mabaya yaliyowakuta watu wa asili yetu pale mjini, mama alinishika mkono tukaondoka na bunda moja la nguo. Kwanza Moroni, kisha Unguja kwa jamaa zake. Nilikuwa na miaka kumi. Dada yangu alinipita kwa miaka tisa, na alikuwa ameshaolewa na Mmalagasi, fundi seremala, aliyemficha karakanani mwake nyuma ya rundo la mbao mpaka mji ulipotulia. Yeye akabaki. Mama alifariki bila kumwona tena. Zilikuja barua, barua zikakoma, ikaja simu. Tukazeeka kila mtu upande wake wa bahari.

Nilipostaafu nikasema sasa nakwenda.

Alinipokea uwanja wa ndege akiwa na kanga mbili begani, moja yake, moja yangu. Tulilia mbele za watu. Tulizungumza kwa viraka: Kingazija cha mama, Kimalagasi changu kilichokatikia kwenye umri wa miaka kumi, na maneno yalipokwisha, mikono. Kiswahili yeye alikuwa nacho cha dini na cha jikoni tu. Hapa nitayaandika maneno yake kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayoweza kuandika.

Nyumba yake iko mtaa wa Antanimasaja. Vyumba viwili, paa la bati, uwanja wa mchanga uliofagiwa hadi ukabaki na mistari ya ufagio. Mumewe alikuwa ameshafariki. Alikuwa amenitandikia kitanda chake mwenyewe kwa shuka jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani, na yeye amejitandikia mkeka chini. Alipika wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Nikala nikashiba, kisha nikaomba kwenda msalani.

Choo kilikuwa kwenye kona ya uwanja, wanakitumia nyumba tatu. Shimo, mbao mbili za kukanyagia, kipande cha gunia badala ya mlango, ndoo ya maji na kopo. Nilipoinua gunia, ukuta ulitikisika. Ulikuwa umejaa mende, wakakimbilia juu. Nilisimama pale nikihesabu pumzi, kisha nikatoka bila kufanya lililonipeleka. Nikamwambia dada kwamba mgongo wangu unanisumbua, kwamba daktari ameniamuru nilale kwenye godoro gumu la aina fulani, na kwamba afadhali nitafute hoteli upande wa Amborovy, karibu na uwanja wa ndege. Daktari gani? Mgongo gani? Dada alinitazama, akalitazama lile shuka, akasema, "Haya. Afya kwanza." Aliniitia teksi yeye mwenyewe.

Nililala Amborovy siku tatu. Kila asubuhi nilikwenda kwake, kila alasiri kibofu kilinirudisha hotelini. Siku ya tatu akapiga simu binti yangu, ambaye ameolewa Ulaya na ana kazi nzuri. Akasema amenilipia zawadi: siku tano kwenye kambi ya kitalii kisiwani Nosy Be, mimi na mama mkubwa, chumba kimoja. Si hoteli ya kawaida, alisema. Ni ya kifahari lakini inalinda mazingira. Iko porini kabisa, umeme wa jua, hakuna plastiki, wanyama wanakuja mpaka barazani. Nilimshukuru mpaka sauti ikanikauka. Nilifurahi kumwona mwanangu ana moyo mkubwa, hilo ni kweli. Lakini nilifurahi zaidi kwamba nimepata njia ya kukaa na dada yangu bila kukaa kwake.

Dada hakuwa na hamu. Alikuwa amefua nguo kwenye hoteli za Amborovy kwa miaka ishirini, mpaka vidole vikapinda. "Hoteli nazijua," alisema. "Nazijua kwa nyuma." Lakini alikubali kwa ajili yangu, akashona gauni.

Tukapanda ndege ndogo hadi Nosy Be, kisha gari hadi Ambondrona, kwenye hoteli za ufukweni, na hapo boti ya injini ya kambi ikatuchukua. Ilizunguka rasi mbili, ikaingia kwenye ghuba ambayo ukiiona unasema subhanallah. Msitu umeshuka mpaka majini. Upande mmoja mchanga mweupe, upande mwingine mdomo wa kijito na mikoko minene. Vibanda vya makuti vimejificha kwenye miti hata huvioni.

Kwenye gati la mbao alisimama msimamizi, mzungu mrefu, miguu mitupu, shati la kitani, mkononi amefunga uzi mwekundu kama mtu aliyekwenda kwa mganga. Nyuma yake wasichana wawili wameshika sinia. Nilishuka kwanza. Nilikuwa nimevaa miwani ya jua aliyonitumia binti yangu na viatu vyeupe. Dada alishuka nyuma yangu akiwa amebeba begi langu, kwa sababu yeye ni dada mkubwa na hakuniachia nilibebe. Msimamizi akanipa kitaulo baridi chenye harufu ya mlangilangi. Sinia ilikuwa na vitaulo viwili. Akamtazama dada, kisha akaniambia kwa Kifaransa, kwa upole kabisa, "Msaidizi wako anaweza kupita njia ile ya nyuma. Wenzake watampokea."

Kifaransa changu ni kibovu, lakini si kibovu kiasi hicho. Nilielewa neno kwa neno. Ningesema, "Huyu ni dada yangu," kwa Kifaransa ni maneno matatu tu, hata mtoto wa chekechea anayajua. Sikusema. Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kilinifunga mdomo, na kila nikichimba nafika mahali pale pale pachafu: nilipenda. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu nilipenda kuonekana mwanamke anayesafiri na mtumishi.

Dada alielewa kuliko mimi. Kifaransa chake ni cha miaka ishirini ya kuamrishwa. Alishika njia ya nyuma na begi langu.

Nusu saa baadaye nilipokuwa nimeketi barazani na maji ya nazi, aibu ilinipanda, nikamwita msimamizi nikamweleza. Akacheka, akajipiga kofi pajani. "Ndugu wawili! Ningepaswa kuona mfanano!" Akaagiza dada aletwe, naye akaletwa, akapewa kile kitaulo cha pili, ambacho wakati huo kilikuwa kimeshapata joto. Alikipokea, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya meza bila kujifuta.

"Nimepata rafiki huko nyuma," aliniambia. Hilo tu.

Chumba chetu kilikuwa nyumba ya mbao juu ya nguzo, kitanda kikubwa kama chelezo, chandarua cheupe. Kila kitu kilikuwa na kibao cha kukusifu kwa kukitumia: taulo likikaa siku tatu bila kufuliwa umeokoa mto, taa ukiizima umeokoa mwezi. Na choo. Choo kilikuwa kiti cha mbao ya thamani, kimepigwa nta mpaka kinang'aa, chini yake ndoo, pembeni kikapu cha unga wa mbao na upawa uliochongwa. Hakuna bomba, hakuna kopo. Kibao kilisema: Tafadhali usimwage maji. Asante kwa kuirudishia ardhi kilicho chake.

Dada alinitafsiria, akasimama mikono kiunoni.

"Na mtu atastanji kwa nini? Kwa unga wa mbao?"

"Labda wana karatasi."

"Karatasi ninaiona. Nauliza maji."

Tukaishia kutumia chupa ya kioo ya maji ya kunywa, ile yenye jani la mnanaa ndani. Tulicheka mpaka tukashikana mabega, na kwa dakika chache tulikuwa watoto wa nyumba moja tena. Lakini ndani yangu nilikuwa nimeona. Kinyesi changu kilikaa chini yangu kwenye ndoo, kimefunikwa na vumbi la mbao, karibu kuliko kilivyokaa cha Antanimasaja, nami sikukimbia. Kiti kilikuwa kimepigwa nta. Kumbe nilichokikimbia kwa dada yangu hakikuwa harufu.

Siku ya pili upepo uligeuka na harufu ikaja, nzito, yenye utamu wa kuoza, ikapita katikati ya meza za chakula cha asubuhi. Wageni walikuwa kumi hivi, wazungu wote ila sisi. Bibi mmoja mwenye kofia aliuliza. Msimamizi akatabasamu: "Ni mikoko. Msitu unapumua." Bibi akafumba macho akavuta pumzi ndefu, kifua kikapanda, akasema ni nzuri, ni ya kweli. Nami nikavuta. Nasema ukweli, nami nikavuta.

Walikuja komba pia. Walifundishwa kuja saa ile kwa ndizi. Mmoja alikuwa amenyonyoka mgongo mzima, ngozi imetoka vipele vyekundu, na tumbo limemvimba kwa sukari. Alikaa katikati ya meza akajikojolea kwenye sahani ya mkate huku watu wanampiga picha. Mfanyakazi akaja akaondoa sahani na kuleta nyingine. Mkate ulikuwa ule ule. Niliujua kwa ukoko wake ulioungua upande mmoja.

Dada hakuwa akila nami sana. Asubuhi hiyo alikwenda tena njia ya nyuma kumtembelea rafiki yake, akarudi amenyamaza. Nilidhani bado ana kisirani cha gatini, na nikaona ni haki yake, nikaacha kumuuliza.

Chakula cha mchana cha siku ya tatu kilikuwa kaa. Kaa wa mikokoni, wakubwa kama visahani vya chai, wamepikwa kwa nazi na tangawizi. Msimamizi aliwaleta mwenyewe. Akasema hawa wametembea hatua mia mbili tu kutoka walikoishi hadi kwenye sahani yetu, hawakupanda lori wala ndege. Watu wakapiga makofi.

Dada hali kaa. Bibi yetu alimwambia tangu utotoni kwamba kaa hana kwao, si wa bahari si wa nchi kavu, na anayekula asiye na kwao hajui anakula nini. Mimi nilijifunza kuwala Unguja na ninawapenda. Nilivunja magamba, nikafyonza miguu mmoja mmoja, nikachovya mkate kwenye mchuzi. Nilikula watatu. Dada alikula wali na maharage, akinitazama.

"Watamu?"

"Watamu sana."

"Kula, mdogo wangu. Kula ushibe."

Tulipomaliza sala ya alasiri akaniambia nivae viatu vya kukanyagia matope. Tukapita nyuma ya jiko. Njia ile ilikuwa safi kwa hatua thelathini, kisha ikapinda nyuma ya uzio wa makuti, na nyuma ya uzio ndipo kambi yenyewe ilipokuwa. Kulikuwa na shimo pana lililojaa plastiki: madumu ya maji, mifuko, chupa ambazo maji yake yalimiminwa kwenye zile chupa zetu za kioo, nepi za watoto wa wageni. Lilikuwa limechomwa nusu, limeyeyuka na kugandana kama kitu kilichotapikwa na mnyama mkubwa, na moshi mwembamba bado ulitoka. Hapo nikajifunika pua. Dada hakusimama. Akaendelea kushuka mpaka kwenye mikoko.

Maji yalikuwa yamekupwa. Kati ya mizizi, kwenye matope meusi, kulikuwa na malundo. Mwanzoni niliona unga wa mbao tu, mabonge ya rangi ya udongo mwekundu, nikadhani ni mabaki ya seremala. Kisha nikaona karatasi. Kisha nikaona malundo yanatikisika. Kaa walikuwa juu yake, wengi, wanene, migongo inang'aa, wanachambua polepole na kupeleka kinywani kwa mikono miwili, wa kulia, wa kushoto, kama watu wanaokula kwa adabu. Nzi walikuwa wengi mpaka sauti yao ilikuwa kama mashine. Hatua chache kutoka pale, kwenye kijia cha maji, yalikuwa yametegwa madema matatu ya kambi, yana kitambaa cha rangi ile ile ya vitambaa vya meza zetu.

Nilitapika pale nilipokuwa. Nilitapika mpaka nikashika mzizi kwa mikono yote miwili, na nilipotazama chini niliona kaa mmoja mdogo ametoka shimoni kuja kuona nimeleta nini.

Nilipoinua kichwa, mwanamke alikuwa amesimama juu ya njia na ndoo mbili kwenye mti begani. Mwenyeji wa pale, wa makamo, usoni amejipaka liwa ya manjano dhidi ya jua, na pua ameifunga kwa kitambaa. Ndiye rafiki wa dada. Kazi yake ilikuwa kumwaga ndoo za vyoo, vya vibanda vyote, kila siku mara mbili.

Alizungumza Kimalagasi taratibu ili nimfuate. Ile nyumba ya mboji, ya kugeuza haja kuwa mbolea, waliyotuonyesha siku ya kwanza ikiwa na maua mbele, ilikuwa imejaa tangu kabla ya mvua zilizopita. Haikujengwa kwa watu wengi hivi. Akaambiwa ndoo azipeleke mahali maji yanapofika, bahari itachukua. "Bahari inachukua kidogo," alisema. "Kingine inaturudishia." Kijiji chao kilikuwa ng'ambo ya mdomo wa kijito. Wanawake walikuwa wameacha kuchokoa kombe wa kula matopeni pale. Sasa wanazunguka rasi nzima. Watoto wawili wa jirani yake walikuwa wameharisha mpaka wakapelekwa hospitali.

Nikauliza kama msimamizi anajua. Alinitazama kama ninauliza kama jua linajua kuwaka.

Kisha akatua ndoo. "Mama, msiseme," aliniambia. "Mimi ndiye ninayebeba. Wakiulizwa ni nani aliyemwaga, ni mimi niliyemwaga."

Nilimwahidi. Nilimshika mkono, ule mkono, nikamwahidi.

Tulipokuwa tunapanda kurudi nilimuuliza dada amejua lini.

"Tangu jana asubuhi."

"Na leo mchana ukaniacha nile?"

"Ulikuwa unakula kwa raha," alisema. "Nikaona nisikuharibie mbele ya wenzako." Alitembea hatua chache mbele yangu. "Wewe pale gatini hukumharibia mtu raha yake. Ulinyamaza. Nami nimenyamaza. Kinyaa chako kitaisha kwa maji na chumvi."

Nilisukutua kinywa kwa chumvi, kwa majivu, kwa dawa ya meno ya mkaa waliyoweka chumbani, na kila nilipomeza mate nilihisi nazi na tangawizi vinarudi.

Kesho yake jioni, saa ya chai, msimamizi aliwakusanya wageni barazani kuwaeleza falsafa ya kambi. Jua lilikuwa bado lipo juu ya maji. Alizungumza vizuri, ana sauti ya kubembelezea. Alisema hapa hatuchukui chochote kwenye ardhi ila tunaazima. Alisema wanakijiji wa jirani ni familia yake. Alisema hata haja zetu zinakuwa maua, akaonyesha yale maua, na yule bibi mwenye kofia akajifuta jicho. Dada alinishika goti chini ya meza. Alinijua. Miaka arobaini na zaidi hatukuonana, na bado alijua uso wangu unakuwaje kabla sijalipuka.

Nikasimama. Kifaransa kilichokataa kutoka gatini kikatoka chote. Nilisema kuhusu shimo la plastiki. Nilisema kuhusu mikoko. Nilisema, "Wale kaa mlioshangilia jana wamelishwa na nyinyi wenyewe, na mimi nimewala, nanyi mmewala." Mgeni mmoja alicheka, kisha akaacha. Mwingine alinyanyua simu akanichukua video. Bibi mwenye kofia alitazama kikombe chake kama kimemtukana. Msimamizi alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imefumbatwa, kisha akasema ananishukuru, ndiyo maana ya jumuiya, na suala hili ataliangalia leo leo.

Nitasema nilivyojisikia, kwa sababu ndilo linalonikera kuliko kaa. Nilijisikia safi. Nilirudi chumbani nimejinyoosha, nikaoga, nikalala usingizi mzuri wa kwanza tangu nifike.

Asubuhi tuliletewa chai. Msimamizi akaja mezani kwetu na kikapu kidogo cha sabuni za mlangilangi, kimefungwa utepe wa majani makavu. "Tumechukua hatua," alisema. "Mfanyakazi aliyekiuka utaratibu tumemwondoa."

Nikamwambia hakukiuka chochote, aliamriwa. Akainamisha kichwa upande. "Una moyo mzuri, mama. Lakini utaratibu umeandikwa, na saini yake ipo." Mwanamke yule hakujua kusoma, dada alikuwa ameniambia. Nikamwambia hivyo pia. Akasema atalizingatia, akaweka kikapu karibu na mkono wangu, akaenda kwenye meza ya pili.

Nilimgeukia dada. Nilitaka anihurumie, naona aibu kuandika hivyo.

"Ulitaka kujisafisha roho yako," aliniambia. Hakupandisha sauti. "Umeisafisha kwa kazi ya mwenzio. Mimi nimeona wageni kama wewe Amborovy miaka yote. Wanapiga kelele, wanapanda ndege. Sisi tunabaki na mabosi." Kwa hasira alikuwa akichanganya Kifaransa na Kimalagasi ndani ya sentensi moja.

Tukafunga mizigo. Siku moja tuliyobakiziwa tuliiacha. Begi langu nilibeba mwenyewe. Boti ilitushusha Ambondrona, tukapata chumba kwenye nyumba ya wageni ya kawaida tungoje ndege, lakini dada hakuingia hata chumbani. Alimkodi mvuvi mwenye ngalawa atuvushe hadi kile kijiji cha nyuma ya rasi. Njia nzima alikaa mbele, amenipa mgongo.

Tulimkuta mwanamke yule mbele ya nyumba yake, anaparua samaki. Liwa alikuwa ameosha. Bila liwa alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, labda umri wa binti yangu. Dada alichuchumaa akachukua kisu cha pili akaanza kuparua naye. Mimi nilisimama. Nilikuwa nimefunga kwenye mfuko kanga zangu mbili mpya, kile kikapu cha sabuni, miwani ile ya jua, na bahasha. Nikaanza hotuba yangu ya kuomba radhi, kwa Kimalagasi cha mtoto wa miaka kumi. Ndicho nilichokuwa nacho. Nilisikia ninavyosema, "Mimi mbaya, mimi nilisema, wewe samahani," na watoto wa jirani wakaanza kuniigiza.

Mwanamke alichukua mfuko. Alitazama ndani, akatoa sabuni, akazinusa, akamrushia mmoja wa watoto akaogee. Bahasha aliiweka chini ya jiwe. Hakusema ahsante, na hakusema ondoka. Aliendelea na samaki. Alipomaliza alimwuliza dada kama tumekula, dada akasema bado, naye akapika.

Alituwekea wale samaki kwenye sahani ya bati, na wali, na achari ya embe. Tulikula sote chini, kwa mikono. Harufu ya upande wa mikoko ilikuwa inafika mpaka pale, na niliisikia kwenye kila tonge. Nilimeza. Tumbo lilikataa nikalilazimisha. Ilipofika mara ya tatu nikashindwa, nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba, na nilipokuwa nimeinama nilimsikia yule mwanamke anasema kitu na dada anacheka, kicheko cha kweli, cha kwanza tangu siku ya chupa ya mnanaa.

Baadaye nilimuuliza dada, mwenzake alisema nini. Akasema, "Alisema una tumbo la kizungu."

Binti yangu alipiga simu tulipokuwa tumesharudi Mahajanga. Alitaka picha. Nilimtumia ile ya ghuba, niliyoipiga tukiwa botini kabla hatujafika gatini, nikamwambia ni pazuri mno, Mungu amzidishie. Dada alikuwa kando ananisikia. Hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anachagua mchele.

Nilikaa kwake siku zilizobaki. Tuligombana mara mbili zaidi, kwa mambo ya urithi wa bangili za mama na kwa namna ninavyokoroma, na tukapatana.

Miezi kama sita baadaye, nikiwa Unguja, alinipigia kunipa habari. Watalii walikuwa wameongezeka na kambi haikupata watu wa kuzibeba ndoo. Wakamfuata yule mwanamke nyumbani, naye akarudi. Sasa anazimwaga mbali kidogo, upande wa pili wa rasi, huko huko wanawake walikokuwa wanazungukia kuchokoa kombe.

Nikamuuliza dada kama mwanamke yule huwa ananitaja.

"Hakutaji," alisema. "Ana kazi nyingi."